Uteuzi wa Chimwaga: Mwongozo wa Kuchagua Kigari cha Mtoto cha Kupanda Nacho Boti



Kwetu Chimwaga, Dodoma, uteuzi si jambo geni. Mwaka 1995 wajumbe wa vikao vya chama cha CCM walikusanyika hapa wakachuja majina ya wagombea urais mpaka yakabaki matatu: Mkapa, Kikwete na Msuya. Mkapa akaibuka mshindi. Mwaka 2005 wakarudi, na safari hiyo Kikwete akawapita Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya. Tangu 2007 hapa ni Chuo Kikuu cha Dodoma, na wanaopita ni wanafunzi wenye vitabu kwapani, lakini ardhi bado inajua kuchuja.

Basi nasi wazazi tuitumie ardhi hii kwa uteuzi wetu: kigari kipi kinafaa kumpeleka mtoto wa mwaka mmoja na nusu kutoka Chimwaga hadi Unguja, kwa treni na kwa boti? Mtoto wa umri huo anataka kutembea mwenyewe kwa hatua ishirini, kisha anataka kubebwa kwa kilomita mbili. Ana kilo zake kumi na moja, na usingizi wake hauna ratiba. Nimeifanya safari hiyo na binti yangu, na sitaki mzazi mwingine aifanye bila kujiandaa.

Kabla ya kufungua kikao, tumkumbuke tembo. Masimulizi yanayojulikana zaidi kuhusu jina la mji wetu yanasema tembo alikuja kunywa maji kijitoni, miguu ikaingia kwenye tope, akanasa. Wagogo waliomwona wakasema kwa lugha yao kwamba amezama, na neno hilo la kuzama ndilo likawa Dodoma. Mji mkuu wa nchi umepewa jina la kitu kizito kilichoshindwa kujinasua. Mzazi wa Dodoma anayenunua kigari kizito hana kisingizio, maana ameonywa na anwani yake mwenyewe.

Hatua ya 1: Pima njia yote, kisha chagua kwa kipande kibaya kuliko vyote

Kosa kubwa la wanunuzi ni kukijaribu kigari kwenye sakafu ya duka. Sakafu ya vigae haijawahi kumshinda mtu. Kaa chini na kalamu, uandike kila ardhi utakayokanyaga.

Nyumbani kuna mchanga mwekundu, makorongo madogo yaliyochimbwa na mvua za Desemba hadi Aprili, na mbigiri, ile miiba midogo inayolala chini ikiwasubiri wenye matairi. Kisha kuna bajaji, ambayo kiti chake cha nyuma kitakuchukua wewe, mwenzako, begi na mtoto, na nafasi inayobaki ni ya ufagio.

Halafu stesheni ya SGR. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tarehe 25 Julai 2024. Inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na safari inachukua kama saa tatu na nusu. Nauli zilipotangazwa, mtoto wa chini ya miaka 4 hakutozwa. Furahia, lakini ujue maana yake: asiyelipa hana kiti. Atakaa mapajani mwako kutoka Dodoma hadi Dar, na kigari lazima kiwe kimekunjwa na kuwekwa mahali ambapo hakimzuii mtu kupita.

Ukishuka Dar, kwenye jengo lile lenye paa la umbo la tanzanite, unachukua tena bajaji au teksi hadi bandari ya boti za Zanzibar. Hapo kuna foleni, ukaguzi wa mizigo, jua la saa sita, wachukuzi wenye haraka, na mwisho wake kuna daraja la kupandia boti.

Daraja hilo ndilo kipande kibaya kuliko vyote. Ni fupi, hatua chache tu. Lakini lina mteremko unaobadilika kadiri maji yanavyojaa na kupwa, linatikisika, nyuma yako kuna watu mia wanaotaka viti vya dirishani, na chini yake kuna maji. Kigari chako kichaguliwe kwa ajili ya hatua hizo. Kisichoweza kuvuka pale kikiwa kimekunjwa, katika mkono mmoja, huku mkono wa pili umemshika mtoto, hakifai, hata kama kina kishikio cha chupa.

Hatua ya 2: Pokea fomu za wagombea

Waliojitokeza ni watano.

*Mgombea wa kwanza ni gari la matairi matatu ya upepo.* Lina magurudumu makubwa yanayokaribia ya baiskeli ya mtoto, na lilibuniwa kwa wazazi wanaokimbia mazoezi. Kwenye mchanga wetu halina mpinzani, linapita juu ya korongo kama mbuzi. Lakini tairi ya upepo na mbigiri haziwezi kukaa kijiji kimoja, na fundi baiskeli hutamkuta katikati ya bahari. Tena haliingii kwenye bajaji. Linafaa kwa matembezi ya jioni, safari ya boti halina uwezo nayo.

*Mgombea wa pili ni kigari cha kifalme.* Ana kitanda kinachogeuka, kikapu kikubwa na magurudumu manne mapana. Ukoo wake ni wa zamani: mwaka 1733 William Kent, msanifu wa Uingereza, aliwatengenezea watoto wa Duke wa Devonshire kigari kilichokusudiwa kukokotwa na mbuzi au farasi mdogo. Dodoma mbuzi tunao wa kutosha, ila tiketi ya boti hawana. Vigari vya ukoo huu mara nyingi hupita kilo 10, na vinapokunjwa vinabaki vikubwa kama meza. Huyu ndiye tembo wetu.

*Mgombea wa tatu ni kigari cha mwavuli.* Mwaka 1965 Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi aliyekuwa amefanya kazi kwenye magurudumu ya kutulia ya ndege za kivita za Spitfire, alitumia maarifa yaleyale ya chuma kinachojikunja kuunda kigari cha alumini kilichokuwa na uzito usiofika kilo 3. Kikikunjwa kinakuwa mche mrefu mwembamba, unaoubeba kwapani kama mwavuli. Vya leo vingi ni vizito kidogo kuliko kile cha kwanza, kwa sababu vimeongezwa kivuli na kikapu. Udhaifu wake ni mipini miwili inayotaka mikono miwili, na mgongo wa kiti usiolala sana.

*Mgombea wa nne ni kigari cha begi.* Anajikunja mara mbili au tatu mpaka anafanana na begi la mkononi, na ana mkanda wa kumtundika begani. Wengi wa kundi hili wana kilo 6 au 7. Mpini wake ni mmoja wa kulala, kwa hiyo mkono mmoja unatosha kusukuma. Udhaifu wake ni bei, na magurudumu madogo yanayozama mchangani.

*Mgombea wa tano ni kanga.* Hana magurudumu, hana breki, hana vipuri. Amebeba mataifa mgongoni. Ukimfua asubuhi, mchana amekauka.

Hatua ya 3: Fanya mchujo bila upendeleo

Wapeleke wagombea kwenye mitihani ifuatayo. Muuzaji akikukataza kuwajaribu, nenda duka la pili.

*Mtihani wa mkono mmoja.* Beba mfuko wa unga wa kilo 10 kwenye mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia kunja kigari, kinyanyue, tembea hatua kumi, kisha kikunjue. Ukilazimika kuuweka unga chini, siku ya safari utalazimika kumweka mtoto chini, na chini pale pana ukingo wa gati. Kigari cha kifalme kinaanguka hapa, na gari la matairi matatu linakifuata.

*Mtihani wa breki.* Egemeza ubao kwenye ngazi ya nyumba, weka kigari juu yake kikiwa na ule unga, funga breki, uachie. Kisitembee hata kidogo. Breki nzuri hushika magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja. Bahari itakijaribu kigari chako kila dakika, kwa hiyo wewe ukijaribu kwanza.

*Mtihani wa mkanda.* Mkanda wa kiunoni peke yake hautoshi kwa mtoto anayejua kusimama. Tafuta wenye pointi tano: mabega mawili, ubavu na ubavu, na katikati ya mapaja. Klipu imshinde mtoto, isikushinde wewe.

*Mtihani wa bawaba.* Huu ni wa lazima, hasa kwa kigari cha mtumba. Mwaka 2009 nchini Marekani vigari vya Maclaren karibu milioni 1 vilitangaziwa marekebisho baada ya watoto kukatwa ncha za vidole na bawaba wakati kigari kikifunguliwa. Fungua na ufunge polepole ukitazama kila mahali chuma kinapokutana na chuma. Na sheria ya nyumbani iwe hivi: kigari kinafunguliwa mtoto akiwa mbali, mtoto analetwa baadaye. Kwenye mtumba vuta pia kila mshono wa mkanda kwa nguvu, na ukwaruze kutu kwa kucha uone kama ni ya juu tu au imeshakula chuma.

*Mtihani wa tambara.* Kitambaa kinavulika? Kinafulika? Boti ikianza kucheza, mtoto atachafukwa moyo bila kutoa taarifa. Kitambaa kisichovuliwa kitabaki na harufu ya safari hiyo hadi mtoto aanze shule. Hewa ya bahari nayo ina chumvi: fremu ya alumini inastahimili zaidi, na kigari chochote ukirudi kipanguse kwa maji baridi, ukazane kwenye magurudumu na skrubu.

*Mtihani wa upana.* Njia za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa ajili ya watu, punda na kivuli. Baadhi yake ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Kama siku moja utapanda meli kubwa ya kitalii, mfano wa Norwegian Dawn iliyotia nanga Dar es Salaam Januari 2024 na watalii zaidi ya 2,000, kipimo ni hichohicho, kwani milango ya vyumba vyake ni myembamba kuliko ya nyumbani, na chumba chenyewe hakina kona ya kuegeshea. Beba futi ya fundi cherehani dukani. Kigari kipana kitalala koridoni, na koridoni ni njia ya watu kukimbilia siku ya hatari.

Matokeo ya mchujo ni kwamba kati ya wenye magurudumu wamebaki mwavuli na begi; kanga tutamrudia. Kati ya hao wawili, mfuko wako ndio wenye kura ya turufu, na yeyote utakayemchukua hutajuta.

Ukisikia uchungu kwa ajili ya vikapu vikubwa na vishikio vya chupa vilivyoachwa nyuma, kumbuka walichosema wahenga: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Na kama bado unaona kukunja ni kujishusha, kuna meli iliyokubali kukunjwa. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwavunjwa, ikafungwa kwenye makasha 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye Reli ya Kati na kupita hapahapa Dodoma ikielekea Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Zaidi ya miaka mia imepita na meli hiyo bado inatajwa ziwani. Chombo kinachokunjika hufika.

Hatua ya 4: Teua mgombea mwenza

Katiba yetu inataka mgombea urais akitoka upande mmoja wa Muungano, mgombea mwenza atoke upande wa pili. Busara hiyo inafaa hata kwenye mizigo. Kigari chako kinatoka Bara. Mwenza wake atoke pwani, naye ni kanga.

Kanga peke yake angeweza kushinda, lakini si haki kumtwisha mtu mmoja kilo kumi na moja kuanzia alfajiri ya Chimwaga hadi magharibi, bandarini Malindi, Unguja. Kigari peke yake nacho kinashindwa mahali palepale penye hatari. Kwa hiyo wagawane madaraka. Kigari kinatawala kwenye foleni, kwenye sakafu ya stesheni, kwenye lami na wakati wa usingizi wa mchana. Kanga anatawala kwenye mchanga, kwenye ngazi, kwenye daraja la kupandia boti, na popote msongamano unapozidi.

Beba doti nzima. Kanga mmoja mbeleko, wa pili wa akiba: shuka, taulo, pazia la kunyonyeshea, tambara la dharura. Ila kazi moja usimpe: asitandazwe juu ya kigari chenye mtoto kumkinga na jua. Hewa inakwama ndani, joto linapanda, na mtoto anachemka kimyakimya huku mzazi akidhani amelala. Tumia kivuli cha kigari chenyewe, kofia, na maji.

Na akina baba, mbeleko haina jinsia. Mume wangu alijifunga kanga kifuani pale bandarini Dar, mtoto akalala ndani yake, na wachukuzi wawili waliokuwa wakibishana wakanyamaza wakampisha. Mafunzo yafanyike wiki moja kabla, sebuleni, juu ya godoro. Fundo lijaribiwe kwa kuinama, kukaa na kupanda ngazi.

Hatua ya 5: Siku ya safari

Usitundike mifuko kwenye mipini. Mtoto akinyanyuliwa, uzito unabaki nyuma na kigari kinapinduka. Mtoto akiwa ndani, kinapinduka naye. Mizigo iwe kwenye begi la mgongoni, na mtoto akihamia kwenye kanga kifuani, mgongo na kifua vinagawana kazi.

Funga kitambaa chekundu kwenye mpini. Bandarini vigari vyeusi vinafanana kama kunguru, na haraka ya kushuka haimpi mtu muda wa kusoma majina.

Mchukuzi akikuomba kubeba, mpe begi, mpe hata kigari kilichokunjwa, mkubaliane bei kabla. Mtoto usimpe mtu.

Chagua majira. Kati ya Juni na Septemba kusi linavuma na bahari inakuwa na mabonde. Kama safari ni ya matembezi tu, subiri itulie. Kama huna budi, panda boti ya asubuhi na ukae chini, upande wa katikati au nyuma, ambako boti inacheza kidogo kuliko mbele.

Hatua ya 6: Baharini kigari kinajiuzulu

Hapa naomba tusikilizane kwa makini, maana ndiyo sababu ya mwongozo huu.

Boti ikishafungua kamba, kigari kikunjwe, kilazwe au kifungwe mahali ambapo wahudumu wataelekeza, na mtoto atoke humo. Asilale ndani ya kigari kwa sababu tu amesinzia. Asifungwe mkanda wa pointi tano. Mkanda uleule uliomlinda barabarani unamfunga kwenye chuma, na chuma hakielei. Muda wa saa mbili hadi Unguja ni wa mapajani.

Ukikaa tu, muulize mhudumu majaketi ya kuokolea ya watoto yako wapi. Uyaone kwa macho. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto kupitia kichwani. Ikitokea hatari, mtoto avae lake na wewe uvae lako. Usimfunge kwa kanga ndani ya jaketi lako. Kisha fuata maelekezo ya mabaharia, na kigari usikitafute.

Nasema haya kwa sababu maji yetu yana kumbukumbu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria karibu na Mwanza. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I, iliyokuwa imejaza kupita kiasi, ilizama kati ya Unguja na Pemba. Tarehe 18 Julai 2012, msimu wa kusi, MV Skagit ilizama ikitoka Dar kwenda Zanzibar, njia hiihii tunayoizungumzia. Watoto walikuwemo katika safari zote hizo. Wahenga wana neno kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Lakini mzazi ana macho. Ukiona boti imejaa kuliko viti vyake, shuka. Tiketi inanunuliwa tena.

Kutangaza matokeo

Jioni ya safari yetu tulikuwa Forodhani, Unguja. Kigari cha mwavuli kilikuwa wazi, breki imeshika, binti yetu amelala humo na mchanga wa Chimwaga bado uko kwenye kingo za magurudumu. Tulikula kwa mikono miwiliwili. Kesho yake tulipoingia kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe tulikiacha mlangoni mwa nyumba ya wageni, tukaenda na kanga, na hakuna aliyekiulizia.

Hapo ndipo nilipojua tulichagua vizuri. Wazazi tunasumbuka tukitafuta kigari ambacho hatutaweza kusafiri bila hicho, kumbe cha kutafutwa ni kile tunachoweza kukiacha muda wowote, kwenye ngazi, gatini, hata baharini, na mtoto akabaki salama kwa aliyembeba. Tembo wetu alizama kwa sababu hakuna mgongo uliomtosha. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anao mgongo unaomtosha. Uwe mwepesi siku hiyo.